Kwa Nini Akaunti Hupewa Jina Linaloanza na Alama ya Dola, na Namna ya Kulisahihisha

Katika ofisi za umma, benki, hospitali na vyuo ambako kompyuta zote husimamiwa na seva za taasisi, hutokea mara kwa mara kwamba mtumishi mpya anafungua programu ya ofisi na kukuta ametambulishwa kwa jina kama $3R1000-7QK2MDVB8TLE. Hakulichagua yeye, mkuu wake wa kazi halijui, na fundi wa TEHAMA aliyemfungulia akaunti anasema kwa uhakika kwamba hakuliandika. Hapo maelezo ya kubahatisha huanza kusambaa: kuna wasemao kwamba mfumo umeingiliwa na wadukuzi, kuna wasemao ni virusi, na kuna wanaoshauri akaunti ifutwe upesi na kufunguliwa nyingine. Maelezo ya wadukuzi na virusi kwa kawaida hayana msingi. Ushauri wa kufuta ni mbaya zaidi, kwa kuwa humwondolea mtumishi haki zake zote katika mfumo kwa ajili ya kasoro inayoweza kurekebishwa kwa dakika chache.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kufafanua istilahi chache. Huduma ya saraka ni hifadhi kuu ya taarifa za watumiaji, kompyuta, vikundi na printa za taasisi, na ndiyo inayoulizwa kila mara mtu anapoandika jina na nywila yake ili aingie kwenye kompyuta. Inayotumika zaidi maofisini ni Active Directory ya Microsoft, iliyotolewa pamoja na Windows 2000, nami nitaizungumzia hiyo peke yake. Eneo zima linalosimamiwa kwa pamoja huitwa kikoa, na seva inayotunza saraka ya eneo hilo nitaiita seva ya kikoa. Taasisi yenye matawi huwa nazo kadhaa, zinazopeana taarifa. Kila akaunti iliyomo ndani ya saraka ni mkusanyiko wa sifa, yaani vipengele kama jina la kwanza, jina la ukoo, namba ya simu, idara na vingine vingi.

Mkanganyiko mkubwa hutokana na dhana kwamba akaunti ina jina moja. Kwa kweli inayo kadhaa kwa wakati mmoja. Liko jina kamili la kuonyeshwa, ambalo wenzake mtumishi huliona katika orodha ya barua pepe. Liko jina la kitu chenyewe ndani ya saraka, ambalo halipaswi kufanana na la kitu kingine katika folda hiyohiyo. Liko jina la kuingilia lenye umbo la barua pepe, kama asha.juma@mfano.co.tz, ambalo linatakiwa kuwa la pekee katika saraka nzima, na ambalo tangu Windows Server 2012 R2 seva yenyewe hukataa lisirudiwe. Mwisho liko jina fupi la kuingilia, ambalo katika saraka huitwa sAMAccountName, na ambalo haliruhusiwi kurudiwa ndani ya kikoa kimoja. Jina hili la mwisho ndilo linalogeuka kuwa mlolongo wa herufi na tarakimu zisizo na maana, na ndilo kiini cha makala hii.

Chini ya majina hayo yote imo namba ambayo mtumiaji wa kawaida haioni kamwe. Kila akaunti inapozaliwa hupewa namba ya utambulisho wa usalama inayoanza na S-1-5-21, ikaendelea na tarakimu za kikoa, ikamalizikia kwa namba ya akaunti yenyewe. Akaunti kuu ya msimamizi huishia na 500, na za watumiaji wa kawaida huanzia 1000 kwenda juu. Ruhusa za kufungua folda, kuchapisha au kusoma kumbukumbu za wagonjwa huandikwa kwa namba hiyo. Jina huandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu tu. Haina tofauti na namba ya NIDA, ambayo tarakimu zake 20 hubaki zilezile hata mwenye nayo akibadili jina kisheria au akisahihisha herufi iliyokosewa na karani, na hakuna benki inayomhesabu kuwa mtu mwingine kwa sababu hiyo. Akaunti ikibadilishwa jina, namba yake haiguswi. Akaunti ikifutwa na kufunguliwa nyingine kwa jina lilelile, hiyo ya pili hupewa namba mpya, na kwa seva ya mafaili mwenye akaunti hiyo ni mgeni asiyejulikana.

Sasa turudi kwenye alama ya dola. Katika Windows 2000, ombi lolote la kufungua akaunti ambalo halikutaja jina fupi lilikataliwa moja kwa moja. Kuanzia Windows Server 2003 utaratibu ulibadilika: ombi lisipotaja jina fupi, seva ya kikoa hulikubali na kulitunga jina yenyewe, kwa sababu sifa hiyo haiwezi kuachwa tupu. Jina linalotungwa huanza na alama ya dola, likafuatiwa na herufi na tarakimu sita, kistari, kisha nyingine kumi na mbili, na jumla yake ni 20 kamili. Seva haikukosea wala haikuvamiwa. Iliombwa kufungua akaunti, ikanyimwa jina, ikajaza pengo.

Nani basi aliyeinyima jina? Karibu kila mara si binadamu aliyekaa mbele ya dirisha la usimamizi, kwa sababu dirisha hilo humdai jina kabla ya kumruhusu kuendelea. Ni skripti, yaani mfululizo wa amri zinazojiendesha zenyewe, au programu, hasa ile inayochukua majina kutoka mfumo wa rasilimali watu au wa udahili wa wanafunzi na kuyaingiza kwenye saraka kwa mamia. Safuwima ya jina fupi inaweza kuwa imebadilishwa kichwa na mtu wa idara nyingine, au programu iliyonunuliwa imeelekezwa kujaza jina lenye umbo la barua pepe tu. Ipo sababu nyingine iliyo ngumu zaidi kuigundua, nayo ni skripti inayofanya kazi kwa hatua mbili: kwanza inaifungua akaunti na kuihifadhi, kisha inarudi kuiandikia jina fupi. Hatua ya pili ikigonga mwamba, ile ya kwanza imekwisha kukubaliwa, na akaunti hubaki na jina la dola bila mtu kuarifiwa, hasa kama mwandishi wa skripti aliielekeza ipuuze makosa na kuendelea na mstari unaofuata.

Kwa nini hatua ya pili igonge mwamba? Hapa majina ya watu wa pwani na bara yana sehemu yake, na naona jambo hili halisemwi vya kutosha na wanaotufundisha mifumo hii. Jina fupi la mtumiaji haliwezi kuzidi herufi 20. Chukua taasisi inayounganisha jina la kwanza na la mwisho kwa nukta. Mwanahamisi Abdulrahman anahitaji herufi 23, kwa hiyo skripti hukata na kubakiza mwanahamisi.abdulrah. Akiajiriwa Mwanahamisi Abdulrahim, jina lake likikatwa hutoa herufi zilezile, mwanahamisi.abdulrah, na seva hulikataa kwa kuwa tayari lina mwenyewe. Mtu anayeitazama orodha huona majina mawili tofauti kabisa na hawezi kuelewa kwa nini mfumo unadai yamefanana.

Nukta nayo ina mtego wake, kwani jina fupi haliruhusiwi kuishia nayo. Taasisi inayotumia majina matatu, la mtu mwenyewe, la baba na la babu, ikimwandikisha Mwanaisha Abdulaziz Mohamed na kukata kwenye herufi ya 20, inapata mwanaisha.abdulaziz. pamoja na nukta ya mwisho, na jina hilo hukataliwa. Kuna pia alama zisizoruhusiwa kabisa, zikiwamo mkwaju, nukta pacha, mkato, alama ya kujumlisha, nyota, alama ya kuuliza na mabano ya mraba. Ritifaa inaruhusiwa, lakini akina Ng'ang'a na Ng'wandu wanajua taabu yake: skripti nyingi hutumia alama hiyohiyo kufungia maneno, hivyo jina hukatika katikati, na karani akinakili kutoka kwenye waraka, ritifaa iliyopinda huhesabiwa kuwa alama tofauti na ile iliyonyooka, kwa hiyo utafutaji wa baadaye haumpati mtu.

Wapo wanaodhani kwamba kikomo cha herufi 20 kimekwisha kuondolewa, kwa sababu dirisha la usimamizi huliita jina fupi kuwa ni la kabla ya Windows 2000, na Windows 2000 ni ya zamani sana. Kikomo kipo hadi leo, na jina lenyewe linatumika kila siku. Seva za mafaili, programu za zamani za mishahara, vifaa vya kuunganisha watumishi walio nje ya ofisi na skripti nyingi za mafundi bado humtambua mtu kwa jina hilo. Hiyo ndiyo sababu mtumishi mwenye jina la dola anaweza kufanya kazi kwa miezi bila kujua: anaingia kwenye kompyuta kwa jina lenye umbo la barua pepe, anasoma barua zake, anachapisha, na tatizo linajitokeza siku anapopewa programu inayoulizia jina fupi, naye akalijaribu lile analodhani kuwa ni lake na kukataliwa.

Fundi anayeanza kuchunguza aanze na umbo la jina, kwa sababu umbo lina habari nyingi. Jina la dola lenye kistari baada ya herufi sita ni la akaunti iliyofunguliwa bila kutajiwa jina. Jina linaloanza na $DUPLICATE- lina asili tofauti: seva mbili za kikoa, pengine moja Dar es Salaam na nyingine Kigoma, zilifungua akaunti mbili zenye jina fupi moja kabla hazijapeana habari, na zilipokutana saraka ikamwachia jina mmoja na kumbadilisha mwingine. Jina linaloishia na alama ya dola, badala ya kuanza nayo, ni la akaunti ya kompyuta, na hilo ni la kawaida kabisa. Kwa taasisi zilizounganisha saraka yao na huduma za mtandaoni za Microsoft, jina lenye alama ya kujumlisha na tarakimu nne kabla ya anwani inayoishia na onmicrosoft.com huashiria kwamba anwani iliyoombwa ilikuwa na mtu mwingine tayari, nalo lenye #EXT# katikati ni la mgeni aliyealikwa kutoka taasisi nyingine.

Tahadhari moja ni ya lazima hapa. Si kila jina la dola ni kosa la kurekebishwa. Taasisi iliyowahi kuweka seva ya barua pepe ya Exchange itakuta akaunti za mfumo, zikiwamo zenye jina la aina hii, ambazo programu ilijifungulia yenyewe na hazimilikiwi na mtu. Kabla ya kugusa chochote, tazama kama akaunti ina jina la kwanza, la ukoo, idara na jina la kuonyeshwa la binadamu anayefahamika.

Baada ya hapo utafutwe mkono uliofungua akaunti. Sifa ya whenCreated huonyesha tarehe na saa, na mara nyingi saa peke yake hutosha: akaunti 40 zilizozaliwa ndani ya dakika moja saa nane usiku ni kazi ya skripti. Kama ukaguzi wa matukio umewashwa, kumbukumbu za usalama huwa na tukio namba 4720 kwa kila akaunti inayofunguliwa, pamoja na jina la aliyeifungua. Tukio hilo huandikwa katika seva ile tu iliyolipokea ombi, hivyo mwenye seva nne hana budi kuzipekua zote. Katika kutafuta, kichujio (&(objectCategory=person)(sAMAccountName=$*)) hutoa orodha yote kwa mkupuo. Anayetumia PowerShell akumbuke kwamba alama ya dola katika lugha hiyo ni mwanzo wa jina la kigeu, kwa hiyo akiliandika jina ndani ya alama mbili za kunukuu, programu hulimeza na kutafuta kitu kingine. Alama moja ya kunukuu ndiyo inayoliacha jinsi lilivyo. Nimeona kwamba kosa hili dogo ndilo linalowafanya mafundi wengi waseme akaunti haipo ilhali wanaitazama.

Kuna namba nyingine ambayo sipendi ipuuzwe. Akaunti inayofunguliwa kwa skripti bila maelezo kamili hupewa hali ya 546, ambayo ni jumla ya 512 kwa akaunti ya kawaida, 2 kwa akaunti iliyozimwa, na 32 kwa akaunti isiyolazimishwa kuwa na nywila. Fundi mwenye haraka huiwasha akaunti, ile 2 ikaondoka na kubaki 544, naye akaridhika kwa kuwa mtu wake ameingia. Lakini ile 32 bado imo, na maana yake ni kwamba akaunti hiyo inaweza kuwekewa nywila tupu hata kama kanuni za taasisi zinakataza. Jina la ajabu halikuwa hatari. Hali hii ndiyo hatari, na mara nyingi huletwa na skripti ileile. Kila anayesahihisha jina aikague na hali, airudishe kuwa 512.

Usahihishaji wenyewe ni mfupi. Andika jina fupi lililo sahihi katika sifa ya sAMAccountName, baada ya kuhakikisha halina mwenyewe na halizidi herufi 20. Kubadili jina la kuonyeshwa hakusaidii, ingawa wengi huanzia hapo na kushangaa kuona programu ya mishahara bado inaonyesha dola. Nywila haibadiliki, ruhusa hazibadiliki, uanachama wa vikundi haubadiliki, kwa kuwa vyote vimefungwa kwenye ile namba. Badiliko lenyewe hubaki katika kumbukumbu kama tukio namba 4781, jambo linalofaa kwa wakaguzi.

Kinachohitaji subira ni muda. Seva za kikoa zilizo mahali pamoja hupashana habari ndani ya sekunde chache, lakini kati ya makao makuu na tawi, utaratibu usiporekebishwa, ni kila baada ya dakika 180. Kwa hiyo mtumishi wa Mtwara anaweza kuendelea kukataliwa kwa saa tatu baada ya fundi wa Dodoma kutangaza kwamba kazi imekwisha, na wote wawili wakawa wakweli. Seva za mafaili nazo huhifadhi kwa muda jina walilokwisha kuliulizia, hivyo dola linaweza kuendelea kuonekana kwenye orodha ya ruhusa baada ya saraka yenyewe kusahihishwa. Mtumishi atoke kwenye kompyuta na kuingia upya ili apewe tiketi mpya ya utambulisho. Ile ya zamani huweza kudumu hadi saa 10. Folda yake iliyomo ndani ya C:\Users, ikiwa ilikwisha kuundwa kwa jina la dola, haitajibadilisha, na ushauri wangu ni kuiacha ilivyo kuliko kuhatarisha nyaraka zake kwa kuilazimisha. Kubwa zaidi ni mifumo mingine iliyonakili jina fupi na kulifanya ufunguo wake, kwani hiyo haina habari na ile namba ya usalama; orodha yake iandaliwe kabla ya kubadili jina.

Kwa aliyekwisha kuifuta akaunti, njia ya kurudi ipo ikiwa taasisi imewasha hifadhi ya vilivyofutwa, iliyokuja na Windows Server 2008 R2. Ndani ya muda ambao kwa kawaida ni siku 180, akaunti hurudishwa na namba yake na vikundi vyake, kisha ndipo jina lisahihishwe. Ile ya pili iliyofunguliwa kwa jina hilohilo lazima ibadilishwe jina kwanza, ili lisigongane.

Yote hayo hutibu akaunti moja moja. Chanzo kitibiwe kwenye skripti. Itunge jina kabla ya kuomba akaunti, ikate herufi kwa kuacha nafasi ya tarakimu ya kutofautisha, iondoe nukta na ritifaa, iulize saraka kama jina lina mwenyewe, na ikikosa jina halali isimame na kumtaarifu mtu badala ya kuendelea. Kuhusu kanuni ya kutunga majina, herufi ya kwanza pamoja na jina la ukoo inapendwa kwa ufupi wake, lakini katika taasisi yenye John, Joyce na Jackline, wote akina Mushi, jmushi mmoja atafuatwa na jmushi2 na jmushi3, na barua za siri zitafika kwa asiyehusika. Mimi naona namba ya utumishi au ya usajili ni bora, kwa kuwa haifanani na nyingine, haibadiliki mtu akiolewa, na haikati jina la mtu yeyote. Jina lake kamili, na ritifaa yake na majina yake yote matatu, liwekwe katika jina la kuonyeshwa, ambalo hupokea hadi herufi 256 na ambalo ndilo wenzake watalisoma. Namba ya NIDA na mwaka wa kuzaliwa visitumike kabisa, kwani jina fupi huonekana na kila mtu aliyemo ndani ya kikoa. Jina la aliyeondoka lisigawiwe mwingine, kwa sababu ile mifumo inayomtambua mtu kwa jina itampa mgeni barua na ruhusa za aliyemtangulia.

Kile kichujio cha kutafuta majina ya dola, pamoja na kingine cha kutafuta akaunti zenye hali ya 544, viwekwe kwenye ratiba ya kila wiki na majibu yake yapelekwe kwa msimamizi wa mfumo na kwa ofisi ya rasilimali watu pia, kwa sababu safuwima iliyoachwa tupu huko ndiko inakojazwa.